Mwacheni Ateleze Kwanza

Siku ya kwanza namuona Nahashon alikuwa anakatiza mitaa ya Najma, hapa Doha, saa saba mchana, mwezi wa nane, jua linatoa watu machozi, kabeba ubao mrefu begani na kavaa soksi nzito za baridi.

Nikasema huyu joto limeshampanda kichwani.

Kumbe ni jirani yangu, chumba cha pili kutoka kwetu. Mkenya wa Kimilili, anafanya kazi kwenye sehemu ya theluji ndani ya mall moja upande wa Umm Salal. Kazi yake kugawa makoti na mabuti kwa wateja. Ule ubao ni wa kutelezea kwenye theluji. Mteja aliutupa umepasuka, yeye akauokota akauziba kwa gundi.

Mimi naitwa Amiri, mtoto wa Tanga, mlinzi wa majengo pale The Pearl. Nasimulia haya mwenyewe kwa sababu kosa ni langu, na sitaki mtu aje alisimulie vizuri kuliko lilivyokuwa.

Nahashon alikuwa na ugonjwa mmoja tu, kuteleza. Kila Ijumaa asubuhi alikuwa anatukusanya watu sita, tunakwenda kwenye vilima vya mchanga kule kusini. Anapaka ubao nta ya mshumaa, anashuka. Nasi tukaanza kumfuata. Mimi nilianguka mpaka nikala mchanga wa kutosha kujengea choo. Aliyetushinda wote ni Nyaboke, nesi wa Kisii, mdogo mdogo hivi lakini haogopi kitu.

Tukafungua grupu la WhatsApp. Tukawa ndugu bana.

Ila mwenzetu mchanga haukumtosha. Na ile theluji ya mall nayo ilikuwa inamuumiza. Hata siku ya mapumziko, akiingia kama mgeni, kavaa nguo zake, lazima atokee mteja amkabidhi viatu amtafutie saizi nyingine. Nahashon anavipokea, anakwenda kumtafutia. Halafu anarudi kuteleza, lakini raha imeshakufa.

Siku moja akaja chumbani kwangu anahema. Kapata watu mtandaoni. Watu weusi watupu, wanaoteleza, wanakutana kila Februari kwenye kamji kadogo milimani huko Georgia. Si ile ya Marekani, ni ile nchi iliyo jirani na Urusi. Wanaijeria wa Dubai, Waganda, Wasudani, Waghana. Alinionyesha picha zao mpaka simu ikaisha chaji.

Mudir wangu, yaani bosi wa kazini, alininyima ruhusa. Wakaenda Nahashon na Nyaboke, siku nne.

Nyumbani kwao hakusema. Alijua mama yake atauliza mtu mzima anapandaje ndege kwenda kucheza na barafu. Dada yake, Nafula, alijua kaka yake yuko Doha kazini kama kawaida.

Jumatano jioni akanitumia video. Nyuma yake kuna kundi la watu weusi wanacheka, mmoja anamkung'uta theluji mgongoni. Na yeye analia.

"Amiri, huku hakuna mtu amenipea viatu," akasema. "Nimekaa na wasee wanakaa kama mimi, tunapiga tu story za milima. Sikujua nilikuwa mpweke hivi."

Niliirudia ile video mara tatu. Na mimi nikalia, nisiwafiche.

Usiku ule simu yake ikaingia theluji ikafa. Nyaboke akatuandikia kwamba tukimtaka Nahashon tumpitie yeye.

Alhamisi asubuhi Nafula akanipigia. Namba yangu alipewa na kaka yake, kwa ajili ya dharura.

"Kaka Amiri, Nahashon hapatikani tangu jana. Mama amelazwa, hali si nzuri. Anamtaja sana. Tafadhali mtafute, umwambie anipigie leo leo."



Sasa hapa nieleweni. Sisi tulio mbali na kwetu tuna utaratibu. Simu ya msiba hapigiwi mwenye msiba, anapigiwa mtu wake wa karibu. Na wala hatajiwi kifo, anaambiwa mgonjwa kazidiwa. Yule anajua. Anamwendea mwenzake, anamlisha, anamkalisha, ndipo anamwambia.

Baba yangu alipofariki, aliyepigiwa ni Bakari, ninayelala naye chumba kimoja. Akaambiwa mzee anamtaja Amiri. Bakari akaninunulia biriani, nikala nikamaliza, akanishika bega. Baba alikuwa ameshazikwa tangu jana yake.

Kwa hiyo Nafula aliposema mama anamtaja, mimi nilishamaliza kusoma. Nikamwambia nimeelewa, poleni sana, hili niachie mimi. Akaniuliza Nahashon yuko wapi. Nikamdanganya, nikasema yuko zamu.

Nikakata simu nikasema inna lillahi.

Nikampigia Nyaboke. Yeye ni nesi, akauliza swali la kinesi: je, nimeambiwa amekufa, au nimeambiwa ni mgonjwa? Nikamjibu kwa ujuaji, kwani wewe ni mgeni hapa Gulf? Akaliacha swali lake hapo.

"Mwacheni ateleze kwanza," nikamwambia. "Mazishi ya kwenu Kenya si ya leo wala kesho. Jumamosi akitua tutamkalisha."

Ijumaa Nafula akapiga tena. Nikasema bado yuko zamu, atakupigia. Akasema asikawie, tafadhali. Nikadhani anawaza tarehe ya mazishi. Alipopiga mara ya pili sikupokea, nilikosa uongo mwingine.

Mchana ule ule Nyaboke akatuma video. Nahashon anashuka mlima mzima, haanguki, na chini watu kama thelathini wanaita jina lake. Nikajipongeza. Wallahi nilijipongeza, kwamba nimemtunzia mwenzangu siku moja ya furaha kabla dunia haijamwangukia.

Jumamosi walitua saa tano. Saa saba kasoro walikuwa Najma. Bakari kapika wali kwa kuku, chumba kimejaa, kila mtu anajua isipokuwa mwenyewe.

Nahashon akaingia uso umebabuka kwa jua la theluji, mdomo haufungi kwa hadithi. Kabla hajakaa akaniomba simu. Alitaka kumpigia Nafula, alisema amekaa kimya siku nyingi na moyo haumpi raha.

"Kula kwanza," nikamwambia.

Akala. Alikula taratibu kwa sababu alikuwa anasimulia, juu ya Mnaijeria mmoja mzee aliyemfundisha kugeuka, na walivyomwambia mwakani ni lazima arudi. Nyaboke hakugusa sahani yake. Saa nane ikafika. Nikamwambia anawe mikono, nikamkalisha kitandani.

"Nahashon, kaza moyo. Mama hatunaye."

Hakupiga kelele. Aliuliza tu tangu lini. Nikamwambia tangu Alhamisi. Akainama, mabega yakaanza kutikisika. Bakari akasoma dua, Nyaboke akaomba kwa dini yao. Sote tulikuwa tunalia.

Saa nane na nusu simu yangu ikaita. Nafula. Nikaona afadhali, sasa wanaweza kuongea. Nikaweka spika, nikaishika katikati yetu.

"Kaka Amiri, mwambie Nahashon mama ametuacha," Nafula alikuwa analia. "Sasa hivi tu. Hata dakika kumi hazijafika."



Nahashon akanyanyua uso. Hakunitazama. Aliongea na simu.

"Nafu, ni mimi. Alhamisi alikuwa anaongea?"

"Alikuwa anaongea mpaka jana jioni. Anauliza, Nahashon amepiga? Mimi namwambia uko kazini."

"Na leo? Saa saba?"

"Saa saba alikuwa anasikia. Nilimwekea simu karibu na sikio, nikamwambia unakaribia kupiga."

Saa saba alikuwa ameketi sakafuni kwangu, anakula kuku, na simu iko mfukoni mwangu.

Hakunipiga. Ningeshukuru angenipiga. Alikwenda kwao akazika, akarudi, akahamia mtaa mwingine. Grupu alijitoa. Wale wa milimani wanamwandikia Nyaboke kuuliza Nahashon atakuja lini, na yeye hajui awajibu nini. Naye anajilaumu, kwamba aliuliza swali la maana halafu akakubali kunyamazishwa na mlinzi. Mimi nikikutana naye Nahashon njiani ananisalimia vizuri tu. Anasema habari, Amiri. Anapita.

Wahenga walisema mjumbe hauawi, na ni kweli, mimi niko hai na ninakula. Lakini nimejifunza kwa gharama ya mama wa mtu. Ukipewa ujumbe, ufikishe ulivyopewa, saa ile ile uliyopewa. Huruma yako na ujuaji wako viweke pembeni.

Mtu akikuomba simu ampigie mama yake, mpe. Kula atakula baadaye.