Fundi wa Magari na Kikombe cha Mubirizi

Fundi wa magari wa mtaa wa Buyenzi alizoea kulaza tumbo juu ya kapo, boneti ya gari, yenye moto, macho kayafumba, hadi vidonda vya tumbo vitulie. Vita ya wenyewe kwa wenyewe ilipokaza nchini, navyo vidonda vilikaza. Kila asubuhi alipita kwa jirani yake, bibi Mwantum, kunywa maji ya majani ya mubirizi, dawa yake ya tumbo, machungu kama nyongo, bila kukunja uso. Siku moja alileta karatasi ya daktari.

"Mama, wanataka nimeze mupira wa kamera, wachungulie ndani ya tumbo kama kidonda haiko inageuka kansa."

"Mutu muzima anameza mupira? We, kunywa."

Fundi alicheka, akaikunja karatasi, akanywa. Mwaka uliofuata, alipoumeza huo mpira, kansa ilikuwa imekwisha komaa. Mwantum alingoja lawama. Fundi alikuja akijikongoja, akanyoosha kikombe kwa mikono miwili: "Mama, nitilie." Akamtilia, maana kumnyima kungekuwa kukiri kwamba alimshauri vibaya, na kukiri kosa hakuzoea.