Mistari ya Mbele ya Hekalu

Wiebe Postma alikuwa na kanuni moja ya barabarani ambayo hakuivunja hata alipokuwa na haraka: akimwona mtu anasubiri kwenye mistari ya punda milia, alisimamisha gari. Kupunguza mwendo hakukumtosha. Alisimama kabisa, mguu juu ya breki, mpaka yule aliyesubiri afike ng'ambo.

Kanuni hiyo alitoka nayo Uholanzi, alikoendesha basi la mji tangu ujana mpaka kustaafu bila kumgusa mtu. Alipomwoa Lamduan na kuhamia naye kwao Nong Phai, kaskazini mashariki mwa Thailand, aliacha mengi nyuma, hata lugha yake, lakini hiyo hakuiacha. Nong Phai haikuwa na haja nayo. Barabara kuu inaukata mji katikati, njia mbili za kwenda na mbili za kurudi, na mistari ilipakwa mbele ya hekalu mwaka ambao hakuna aliyeukumbuka. Madereva waliipita kama wanavyopita vivuli vya miti. Waendao kwa miguu nao hawakuitegemea. Pembeni yake, chini ya mti, palikuwa na kibanda kidogo cha mizimu, na waliofiwa mahali pale waliweka sanamu za plasta za punda milia, kubwa na ndogo, ili mizimu ya barabara iridhike isidai mwingine. Wiebe aliwaonea uchungu wanyama wale. Alisema kama fedha ya plasta ingenunua breki, nusu yao wasingekuwepo.

Mama mkwe wake, Bibi Khamphan, alivuka barabara ile kila asubuhi kuwapelekea watawa chakula. Aliijua tangu ikiwa njia ya vumbi ya mikokoteni ya nyati. Hakuvuka mbele ya hekalu. Alishuka hadi kwa fundi wa matairi, mahali barabara imenyooka na mtu anaona mbali pande zote mbili, akasimama chini ya mwavuli wake wa kijani na kungoja. Akiona hata pikipiki kwa mbali, alingoja. Barabara ikifa kabisa, alivuka, akapanda tena hadi hekaluni. Kuna asubuhi watawa walimaliza kula kabla mchuzi wake haujafika. Yeye hakujali, alisema thawabu haichachi.

Wiebe alimpenda mama yule, na hofu yake juu yake ilikuwa ya kweli. Aliona kizee chenye miguu ya ndege kikivuka njia nne mahali ambapo sheria haimlindi, na usingizi ukawa unampotea. Jioni moja, wakiwa wamekaa mkekani wanakula wali wa kunata na samaki wa kuchoma, alilianzisha jambo hilo mbele ya majirani.

"Mama, ile mistari imewekwa kwa ajili yako."

"Mistari haina breki, mwanangu."

Majirani walicheka. Wiebe naye alicheka, kisha akasema, "Mimi ninazo. Kila asubuhi napita pale nikimpeleka Lamduan sokoni. Ngoja kwenye mistari, nitasimama uvuke."

Bibi akasema miguu yake imeshazoea kwa fundi wa matairi. Siku nyingine Wiebe alirudia, na siku nyingine tena. Watu wa kule hawapendi kumsumbua mtu, na zaidi ya hapo hawapendi kumtia aibu. Kumkatalia mkwe mara moja ni utani, mara ya pili ni uzee, mara ya tatu ni dharau. Mara ya tatu Bibi Khamphan alisema haya, mwanangu, na akamwongezea samaki.

Ikawa hivyo. Asubuhi Wiebe alikuja na pikapu yake katika njia ya kushoto, akawasha taa za tahadhari, akasimama mbele ya mistari. Bibi aliteremka barabarani na chombo chake cha bati cha ngazi tatu. Alivuka ameinama, kichwa chini ya mabega, kama mtu anayepita mbele ya wakubwa walioketi. Ndivyo alivyolelewa, na aliyemsimamisha mtu njiani hana budi kuomba radhi kwa mwili wake wote. Aliharakisha ili asimcheleweshe. Uso aliugeuzia kwenye kioo cha pikapu, anatabasamu, kidole kimoja kimeinuliwa kumshukuru mkwe wake.

Wiebe aliuona upole ule ukamfurahisha. Hakujiuliza macho yaliyokuwa yakimtazama yeye yalikuwa hayatazami nini. Upande wake wa kulia palikuwa na njia ya pili, na magari yaliyomkuta amesimama yalihamia huko yakapita. Alikuwa akitoa mkono dirishani kuyapungia yasimame. Mengine yalisimama. Hapo ndipo kosa lilipokuwa, mahali peupe kabisa, na mtu aliyeendesha basi maisha yake yote alikuwa akiliona kila asubuhi. Alilihesabu kuwa kosa la wengine.

Rafiki yake Fergus, Mskoti mwenye shamba la minanasi nje ya mji, alimtania juu ya jambo hilo. Wazungu wa pale walikutana mara moja kwa juma katika duka la kahawa karibu na kituo cha mafuta, na mazungumzo yao yalikuwa yaleyale: nani kaona ajali gani, nani kazikwa, jinsi wenyeji wasivyojua kuendesha. Fergus mwenyewe, aliyekuja kwa pikipiki, alivaa kofia ngumu alipokaribia kizuizi cha polisi tu.

"Wewe unakaribisha wageni nyumba ya watu, Wiebe," alisema. "Wenye nyumba hawana habari."

"Mtu mmoja akianza, wengine hufuata."

"Hufuata, ndiyo," Fergus alisema, akaomba kahawa nyingine.

Siku yenyewe mvua ilikuwa imenyesha usiku na jua limetoka. Ilikuwa siku takatifu, kwa hiyo Bibi alikuwa amevaa blauzi nyeupe na chombo chake kilikuwa kizito kuliko kawaida. Wiebe alisimama. Lamduan, aliyekaa kando yake, alikuwa akifunga mafungu ya mboga. Bibi aliinama, akapita mbele ya boneti, akatabasamu. Lori dogo la barafu lilipita upande wa kulia.

Sauti haikuwa kubwa. Lamduan alidhani mfuko umeanguka nyuma ya pikapu. Wiebe aliona pale mbele pa boneti hapana mtu, akaendelea kukanyaga breki. Aliikanyaga mpaka mtu alipofungua mlango na kumwambia azime gari. Magunia ya barafu yalikuwa yamepasuka, na vipande vilitapakaa juu ya mistari. Vilikuwa vimeshayeyuka wakati watu wa kujitolea wa gari la maiti walipofika, na waliokuja baadaye waliona lami iliyolowa tu.

Dereva wa lori, Thawin, alikuwa ameketi ukingoni mwa barabara amekunja viganja mbele ya paji la uso, akimwomba radhi kila aliyepita, hata wasiohusika. Alikuwa anamfahamu Bibi. Alimletea barafu kila palipokuwa na shughuli.

Askari aliandika maelezo kwa kila mmoja, palepale chini ya mti. Alimwuliza Thawin kwa nini hakusimama. Thawin alisema aliona pikapu imewasha taa za tahadhari katikati ya njia, akadhani imeharibika, akaipita kama mtu yeyote anavyopita gari bovu. Askari aliandika. Kisha akamgeukia Wiebe, kwa heshima, kama mtu anayetaka kuelewa.

"Mjomba, kwa nini ulisimama?"

"Kulikuwa na mtu anavuka."

"Alikuwa ameshaanza kuvuka ndipo ukasimama, au ulisimama ndipo akavuka?"

Wiebe aliangalia mistari. "Nilisimama ndipo akavuka," alisema.

Askari akaandika saa na mahali, akampa asaini. Kisheria Wiebe hakuwa na kosa, na hakuna aliyemwuliza tena.

Hilo ndilo lililokuja kumwia gumu: hakuna aliyemwuliza. Maiti ililazwa nyumbani, watawa wakaja jioni kusoma, watu wakala, wakacheza karata mpaka kulipokucha kama inavyopasa marehemu asiachwe peke yake. Wiebe alipanga viti na kubeba maji. Kila mtu alimwambia saa ya Bibi ilikuwa imefika. Jirani mmoja, mama mpole muuza mayai, alimsogelea akamwuliza kwa sauti ya chini tarakimu za mwisho za namba ya lile lori la barafu, maana droo ya bahati nasibu ilikuwa karibu, na namba ya kifo cha mtu wa thawabu nyingi huaminika kuleta bahati. Wiebe alizikumbuka, akamtajia. Hakuona ajabu. Mwili wake ulikuwa kama mguu uliokaliwa muda mrefu. Alijua ni wake kwa sababu uliinuka alipouinua.

Siku ya kuchoma maiti Thawin alikuja na mke wake na shada la jasmini. Alipiga magoti mbele ya picha ya Bibi, akawasha udi, akagusa sakafu kwa paji la uso. Lamduan akalipokea shada lake. Baada ya hapo Thawin alinyolewa nywele na nyusi, akavaa joho la njano, akaingia utawani kwa majuma machache ili thawabu yake imfuate aliyemwua. Asubuhi alitembea pekupeku katika msafara wa watawa, wa mwisho, na bakuli mikononi. Lamduan alipiga magoti kando ya njia, akatia wali katika bakuli za watawa mmoja baada ya mwingine, na katika bakuli la Thawin pia, kiasi kilekile. Wiebe alitazama kutoka ndani ya gari. Aliona kwamba Thawin amepewa la kufanya. Yeye hakupewa.

Usiku mmoja walipokuwa wakitoa vyombo vya msiba kuvirudisha kwa wenyewe, alimwuliza mkewe kama ana hasira naye.

Lamduan alipanga sahani kadhaa kwanza. "Mama alikuwa anaogopa pale," alisema. "Aliniambia haoni kitu upande wa pili, gari lako linamziba. Nikamwambia basi asivuke, angoje. Akasema, mkwe amesimamisha barabara nzima kwa ajili yangu, nitasimama tu namtazama? Nitaona haya."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungesema sheria."

Alikuwa sahihi, angesema sheria. Angeeleza kwa utaratibu kwamba wa njia ya pili ndiye mwenye wajibu wa kusimama, na yote ambayo angeyasema yangekuwa kweli. Sheria ya barabarani ni ahadi wanayopeana watu wasiojuana. Wiebe alimpa mama mkwe wake ahadi hiyo kwa niaba ya madereva wote wa Nong Phai, na hao hawakuwa wameitoa. Mama wa watu akaipokea kwa adabu, kama mtu apokeaye zawadi asiyoweza kuitumia.

"Usifikirie sana," Lamduan alisema, kama kila mtu alivyosema. Hakulisema tena jambo hilo, wala hakumlaumu. Ila alianza kwenda sokoni kwa pikipiki ya dada yake, akavuka barabara kwa fundi wa matairi.

Dada huyo ndiye aliyenunua punda milia wawili wa plasta, mama na mtoto, akawaweka kwenye kibanda chini ya mti pamoja na wengine. Mvua huwarushia tope. Wiebe huwapangusa kwa kitambaa cha kioo cha gari lake, na kwa kuwa ameshaanza, hupangusa na wale wengine wote, wa watu asiowajua.

Kwenye duka la kahawa wazungu wenzake walitaka kulaani madereva kwa niaba yake. Aliwasikiliza. Fergus alimlipia kahawa, na tangu hapo huvaa kofia yake ngumu hata pasipo na askari. Hajaeleza kwa nini.

Wiebe bado anasimama kwenye mistari. Alijaribu kupita mara moja, mguu ukakanyaga breki wenyewe. Lakini mji mzima unaijua pikapu yake. Akisimama, wanaosubiri pembeni humwinamia kidogo, hutabasamu, na kumpungia mkono apite. Mwalimu wa shule amefanya hivyo, na muuza mayai, na msichana mwenye sare aliyemshika mdogo wake kola. Hakuna anayeteremka barabarani. Yeye naye huwapungia wavuke. Wao humpungia apite. Magari huhamia njia ya kulia, yanapita. Mwishowe yeye huondoa mguu kwenye breki na kwenda zake, na akitazama kwenye kioo huwaona wakiteremka kuelekea kwa fundi wa matairi.

Kanuni ile iligharimu uhai wa Khamphan, mama yake Lamduan, mwanamke mzee mwenye afya aliyejua kuvuka barabara. Kwa kadiri inavyojulikana Nong Phai, haijaokoa mtu.