Leso Nyekundu Kwenye Treni Isiyo na Dereva

Waliokuwepo siku hiyo niwataje mapema, asije mtu akasema nimezua: mimi, Mishi binti Mwadime wa Maktau; Salim, mtoto wa marehemu kaka yangu, ambaye ni dereva kule Jeddah, anakaa mtaa wa Bani Malik; Wanyama, mlinzi wa kituo, Mkenya mwenzetu, ambaye asubuhi ile sikuwa na udugu naye wowote; na mwanangu Mwanaisha, niliyemfuata hasa, na ambaye alifika mwisho. Aibu ni yangu peke yangu, sina wa kumgawia.

Nilikuwa nimemaliza umra, nimefikia kwa Salim. Mwanaisha anafanya kazi za nyumbani Riyadh, mwaka wa saba huu hajatia mguu kwetu, na madam wake, Umm Faisal, alimpa ruhusa ya kuniona mpaka alasiri, basi. Mimi na Salim tukapanda basi la mbali (mgongo wangu haujanisamehe hadi leo), tukashuka Batha, Riyadh, saa zimeshakwenda, na Mwanaisha akatuambia kwa simu anatungoja kituo cha Murabba, tupande treni ya mjini, ni karibu tu.

Niliposikia treni nikachangamka. Baba yangu, Mzee Mwadime, alikuwa mnyapara wa reli kwenye ile reli yetu ndogo ya Voi hadi Taveta, iliyowekwa zamani za vita vya Waingereza na Wadachi, na babu yangu alibeba begani mataruma ya kulazia vyuma vyake. Ilikuwa na mabehewa mawili ya watu, mengine yote mkonge na ndizi, na ukiipungia inasimama. Siku niliposhikwa na uchungu wa Mwanaisha, baba alisimama relini katikati ya pori akapunga leso yangu nyekundu, na dereva, Mzee Odera, akasimamisha pasipo na stesheni, akanipakia, akanifikisha Voi hospitali. Tangu hapo sijapanda treni bila kumpelekea dereva chochote mkononi (ingawa siku hizi reli yetu imeota nyasi na stesheni wanalala mbuzi).

Basi pale Batha nikanunua kichana cha ndizi. Salim akanikalisha, akasema, "Shangazi, usiondoke hapa, ni vituo viwili tu," akainamia simu yake, nami nikainuka na ndizi zangu, nikapita watu, nikapita hata viti vya daraja la kwanza ambavyo tiketi yake sikuwa nayo, hadi mbele kabisa nimsalimie dereva. Dereva hayupo. Hakuna usukani, hakuna kiti, ni kioo na giza la handaki linatujia mbio. Nikajua ameanguka njiani.

Treni ikasimama kituo kimoja kabla ya Murabba, nikasimama mlangoni, mguu mmoja ndani mmoja nje, nikafungua leso yangu kiunoni nikaipunga huku nawaambia watu kwa Kiswahili washuke, dereva hatunaye. Wakatoa simu wakanipiga picha. Mlango unakuja unanigusa unarudi, unakuja unarudi, treni haiendi, na mimi (Mungu anisamehe) najisifu moyoni kwamba hata treni ya Waarabu inaijua leso.

Wanyama akaja mbio, aliposikia Kiswahili akapoa. "Nyanya, toa mguu kwanza."

"Sitoi mpaka dereva apatikane."

"Nyanya, hii haina dereva. Iliundwa hivyo."

Kwa mshangao nikautoa mguu. Mlango ukafunga, treni ikaondoka na Salim, na simu yangu imo mfukoni mwake.

Hapo ndipo nilipolia. Adhuhuri imeshaadhiniwa, alasiri inakuja, mwanangu yuko kituo cha pili na mimi namba ya simu hata moja siijui, majina tu ndiyo ninayo. Wanyama akaniketisha, akaniambia babu yake alikuwa mpunga bendera ya kusimamisha treni stesheni ya Yala, reli ya Butere, nayo ndogo kama yetu, na kwamba mzee yule angekuwa hai angesimama mlangoni vilevile. Kabla sijajibu simu yake ikalia: kundi la Wakenya wa Riyadh la kwenye simu lilikuwa limeshapata picha yangu, leso na ndizi na yote.

Mwanaisha yumo kundi hilo hilo. Treni iliyofuata kutoka Murabba ilimleta, akanijia mbio, miaka saba, na neno la kwanza likawa: "Mama, leso ile ile?"

"Ile ile."

Tumekumbatiana hivyo, madam akapiga simu. Watoto wake walikuwa wamemwonyesha ile picha. Akauliza kama yule ni mama yake, Mwanaisha akajibu ndiyo madam, tukasikia anacheka mpaka anakohoa. "Halas, basi," akasema, "rudi baada ya Isha."

Basi tulipanda treni ile mwisho hadi mwisho, tumesimama mbele kwenye kioo, amenishika mkono kama mimi ndiye mtoto, akaniambia mkataba ukiisha harudii mwingine, anakuja Maktau. Ndizi tulimpa Wanyama nusu, na Salim, aliyetupata baadaye amevimba kwa hasira, alipewa mbili akazimenya.

Sitapunga leso tena kwa treni yoyote, isipokuwa yetu siku ikiamshwa. Na nyinyi wa Maktau na Bura mlioijua, nisahihisheni kama dereva alikuwa Odera au Odero, maana Mwanaisha ameniuliza, anataka kumwombea dua kwa jina lake.