Nilivyomtangazia Msiba Mzee Kitundu Akiwa Hai

Jamani, pale Iguguno sina pa kuificha sura yangu, maana mimi ndiye niliyemlilia mtu ambaye hajafa, tena nikamlilia mbele ya mkewe.

Nilikuwa napita tu, kama kawaida yangu, nikasikia gitaa la umeme linanguruma ndani ya ghala la alizeti. Mzee Kitundu, aliyepiga gitaa miaka mingi kuliko umri wangu, alikuwa anarekodi albamu ya muziki wa bluzi na bendi yake, na nilipoomba kusaidia wakanipa kazi nyepesi: nje ya dirisha kulikuwa na nondo iliyochimbiwa ardhini, imefungwa waya unaotoka kwenye vyombo, na kwa kuwa kiangazi udongo wa pale ni mkavu kama tofali, kila wimbo ukiisha niimwagie ndoo ya maji.

"Waya wenyewe usiuguse," fundi wao alisema. (Angeniambia sababu ningemwelewa, ila hakuniambia, nami niliacha shule darasa la tano, kwa hiyo mengi nayauliza kwa mikono.)

Nikaufungua. Kidogo tu, nione. Spika zikaanza kuvuma lakini gitaa likaendelea kulia vizuri, nikajiona mjanja, mpaka mzee aliposogea kuimba na mdomo wake ukagusa maikrofoni, umeme uliokosa njia ya kwenda ardhini ukampitia yeye. Pa! Kimya. Nikachungulia: mzee chali juu ya magunia, macho wazi, hapepesi.

Sikungoja. Nilikimbia hadi sokoni napiga kelele, "Nimemuua Mzee Kitundu! Nimemuua mzee wa watu!" Mkewe, Mama Elisi, alikuwa anapima karanga, kopo likamdondoka, akakaa chini, kinamama wakaanza kulia naye. Hapo vijana wa bodaboda wakanizunguka.

"Umemuua kwa kitu gani?"

"Kwanza wewe ni wa wapi?"

Ndipo nikaelewa nimejishitaki kwa mdomo wangu mwenyewe. Na (nisiwafiche) suruali ikalowa. Wakanishika mkanda, tukaelekea ghalani, soko zima nyuma yetu na vilio vyao, mmoja ameshika jiwe, nami kila hatua naomba mzee awe anapumua, hata kidogo, hata mara moja.

Tulipofika mlangoni, Mzee Kitundu alikuwa amekaa juu ya gunia, mdomo umevimba, anakunywa chai.

"Mnamlilia nani?"

Mama Elisi alimpiga ngumi ya bega, halafu akamkumbatia. Mimi nikapiga magoti. "Shikamoo, mzee."

Alinitazama mpaka nikatamani lile jiwe.

"Marahaba. Sasa sikia, kijana. Siku nikifa kweli, habari aipeleke mwingine. Wewe hawatakuamini tena."

Soko zima likacheka, na mwenye jiwe akalitupa. Nimeapa: mtu akianguka mbele yangu, kwanza nitamsogelea nisikie kama anapumua, hata kama miguu yangu inataka kwenda kwingine.