Aliyesikiliza Pumzi za Watoto Wetu

Yule mama wa Soni aliyekuwa akisimama kwenye madirisha ya watu amefariki. Habari alinipa abiria mmoja wa basi la Lushoto, kwa sauti ya chini, kama anayeogopa kusikiwa na marehemu. Sikumshangaa. Nilipopanga nyumba pale Soni, majirani walinionya mapema: ukungu ukishuka usifungue dirisha, utamkuta. Alisimama amejitanda kanga, kichwa ameinamisha, akisikiliza watoto wanavyopumua. Watu wakasema ni mchawi. Nami, msomi mzima, nikawa natia komeo kabla ya magharibi.

Enzi ya ruksa, kila mtu kuuza atakacho, ilikuwa imepamba moto. Dawa tulizozoea kuzipangia foleni zahanati sasa zilikaa dukani, jirani na sabuni na mafuta ya taa, na muuzaji hakuuliza mtoto anaumwa nini. Tulifurahi; nani asingefurahi? Mzazi alinunua chupa ya dawa ya maji, na homa ikishuka aliifunika, akaiweka juu ya kabati kumngoja mtoto atakayefuata kuugua. Jirani akibisha hodi, anapewa. Huku milimani watu hawanyimani kaa la moto, watanyimanaje dawa? Chupa moja ilizunguka bonde zima, kila nyumba ikiongeza maji kidogo.

Alfajiri moja binti yangu alikohoa, mbavu zikibonyea ndani kila alipovuta pumzi. Nikafungua dirisha apate hewa. Mama yule alikuwa pale pale, ukungu umemmeza miguu.

"Shikamoo mama," nikasema, maana hata mchawi ni mkubwa wako.

"Marahaba. Mtoto anapumua mbio huyo. Mmempa nini?"

"Dawa, tumeazima kwa jirani."

"Hebu nione." Akaipokea, akaitikisa sikioni, akaificha ndani ya kanga. "Hata mjukuu wangu tulimwazimia. Alikunywa mpaka akanyamaza. Mpelekeni hospitali ya Bumbuli sasa hivi, mwanangu. Msingoje chai."

Mke wangu alikuwa ameshambeba mtoto mgongoni. Hospitali walimchoma sindano, wakatupa dawa yake mwenyewe, wakatuagiza tuimalize hata akianza kucheza. Alipona, na leo ananishinda kwa kelele. Ile chupa sikuiona tena.

Niliwahi mazishi. Kaburi lilichimbwa shambani kwake, ubavuni mwa kaburi dogo la mjukuu. Jembe likagonga kioo. Likagonga tena. Zilikuwa chupa, zimelazwa safu kwa safu, nyingine bado zina dawa ya rangi ya waridi ndani. Wachimbaji wakarudi nyuma. Mmoja akauliza kama wazitoe.

"Ziacheni zikae naye," akasema binti wa marehemu. "Zikitoka, zitapata wa kuziazima."

Wakaziacha. Nami nasema waziwazi: dawa ya mtoto si kaa la moto. Imepimwa kwa mtoto mmoja na ugonjwa mmoja, mpaka dozi iishe. Ugonjwa ulioonjeshwa dawa kidogo huizoea, ukarudi na kiburi. Mama yule aliyajua haya kwa uchungu, nasi tukamlipa kwa kumwita mchawi. Inaniuma.

Nilipokuwa narudi stendi, ukungu ulishuka. Katika nyumba ya njiani mtoto alikohoa, kikohozi kile kile. Miguu ilisimama yenyewe. Nikasogea dirishani, nikainamisha kichwa, nikasikiliza. Ndani, mwanamke alinong'ona: "Mbona walisema wameshamzika?"

Nikabisha hodi.