Jiwe la Kamati Juu ya Mzani wa Alizeti

Mzani wa kielektroniki wa kijiji chetu, si mbali na Kiomboi, ulikuwa ukisoma kilo mbili pungufu ukiwa mtupu. Kitufe cha kurudisha sifuri kiling'oka zamani. Kamati ikakaa vikao viwili na kutoa suluhisho: jiwe la kilo mbili likae juu ya mzani daima. Lilipakwa rangi nyeupe, likaandikwa MALI YA KAMATI.

Shamba letu liko mbali, hivyo mama alifikisha alizeti yake ya kuuza saa saba mchana. Kila gunia tulilopima nyumbani kwa mzani wa kuning'iniza lilipungua kilo tatu likifika ofisi ya kamati.

"Shikamoo, katibu," nikamsalimu. "Kwa nini alizeti ya mama inapungua?"

"Marahaba. Jua, mwanangu. Inakauka njiani."

"Kilo tatu? Kwa safari ya mkokoteni?"

"Ndiyo maana sisi wanakamati tunapima asubuhi."

Nilisomea umeme chuo kikuu. Ndani ya mzani ule kuna opampu, kidude cha miguu minane kinachokuza umeme mdogo sana unaotoka kwenye chuma cha kupimia. Kasoro yake ni kwamba hata kisipopewa kitu hujifanya kimepewa, kisha hukuza uongo huo pamoja na ukweli. Darasani tuliandika "tuchukulie hitilafu ni sifuri" na kupata A.

Asubuhi iliyofuata niliufungua mzani mbele ya kamati. Kwenye miguu miwili ya opampu iliyoachwa wazi nikaunga kipingamizi cha umeme kinachozungushwa kwa bisibisi ili kuufuta uongo ule. Jiwe likatolewa, nikazungusha mpaka namba zikasoma sifuri. Nikatoa hotuba. Ilikuwa ndefu.

Saa saba mama akafika. Mzani mtupu ulisoma kilo tatu pungufu.

"Msomi," katibu akasema, "jiwe letu angalau linaonekana."

Iliniuma kwa sababu alikuwa sahihi. Hitilafu ya opampu hubadilika na joto, na mabati ya ofisi yalikuwa yanachoma. Nami nilikuwa nimeweka jiwe, ila nililificha ndani.

Mama hakuwa na muda na aibu yangu. "Hicho kidude cha bisibisi kinazungushika tena?"

"Kinazungushika."

"Basi zungusha. Na kabla ya kila gunia, nione sifuri kwanza."

"Mama, tutalala hapa!" akalalamika mzee mmoja kwenye foleni.

"Lala, baba. Lako lilipungua ngapi juzi?"

Mzee akasogea karibu asome namba.

Gunia la kwanza likasoma kilo sitini na nne, kama nyumbani. Katibu akaita la pili.

"Bado," mama akasema. "Shusheni hilo kwanza."