Nilivyomtoa fundi cherehani chumbani kwangu Mbinga, akaniachia magauni ya komunyo

Wakuu, za jioni. Hiki kisa ni changu mwenyewe, sikusimuliwa. Asiyeamini apite tu, hatugombani.

Ni miaka ile soko la kahawa limefunguliwa, wanunuzi binafsi wamejaa Mbinga. Nilikuwa na chumba cha kupangisha karibu na soko. Mpangaji wangu wa kwanza alikuwa Mama Oswina, fundi cherehani, mjane aliyepanda kutoka Liuli, kule ziwani.

Kwetu kila kitu kilisubiri msimu. Wakulima wa Maguu na Matiri walishonewa kwa mkopo, wakiuza kahawa wanamlipa fundi, fundi ananilipa kodi.

Mwaka huo msimu ukaja, kodi haikuja. Mimi nami nilikuwa na mama mzazi analala chini ya bati linalovuja, na mvua zilikaribia.

Nikaenda na balozi wa nyumba kumi. Wakuu, kumtoa mtu mara ya kwanza si mchezo, nilimsalimia nikiangalia chini.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Najua kilichokuleta."

Ukutani yalining'inia magauni meupe ya komunyo ya kwanza, yameshakamilika. Nikauliza mbona wenyewe hawaji.

"Waliuza magoma, baba. Sasa hawana kitu, wanaona haya kuja."

Kwa wasiojua, magoma ni kumpa mkulima vihela wakati wa njaa, halafu kahawa yake yote inakuwa yako ikiwa bado mbichi mtini. Wizi mtupu, nina hasira nao mpaka leo.

Nilimhurumia, ila sikurudi nyuma. Akafunga cherehani kwa kanga. Hakulia wala hakunilaani. Akanikabidhi magauni, nikadhani ananipa niuze nifidie kodi.

"Wakija wape," akasema. "Mwenye hela na asiye nayo. Mtoto hana deni na mimi."

Nikampa habari katekista. Wazazi wakaja mmoja mmoja, huyu na kuku, yule na maharage, wote wakisema ni vya fundi. Fundi alikuwa ameshashuka ziwani. Nikatafuta lori nikampelekea, na nikamwomba arudi. Kuku na maharage alipokea. Kurudi alikataa.

Mpangaji mpya alilipa kodi mapema, mama akapata bati.

Nilichojifunza: mpangaji akikwama, muulize kwanza na yeye anamdai nani.

Wenye nyumba wenzangu, mngekuwa mimi, yupi angelowa, mama yenu au Mama Oswina? Semeni bila kuniogopa.